Upepo Kumi na Nane

Ukifika Ibra na tairi limelala, usiulize geji ya kupimia upepo. Utamuudhi Jamaldini, na Jamaldini akiudhika hukwambia peleka gari lako kwa wenye mashine, mimi sina mashine, mimi nina dole gumba. Kabla hujaligeuza gari ameshachuchumaa, amelibonyeza tairi lako mara mbili na kukutajia namba. Kwa miaka arobaini namba ile ilikuwa ndiyo. Watu walimbishia, wakaleta geji zao za Kijapani na za Kijerumani, wakaishia kumnunulia chai. Waarabu wa Ibra wakampa jina la Abu Hawa, baba wa upepo, na jina likamkaa hata watoto wa shule hawajui kama ana jingine.

Duka lake liko kwenye barabara iendayo Bidiya, mkabala na ukuta mrefu wa udongo wa shamba la mitende. Wenyeji wa hapa duka la kuziba pancha huliita banchari, na banchari yake ni milango miwili ya chuma, kompresa moja inayokohoa, na matairi yaliyopangwa nje. Ukutani zimening'inia geji za kuuza, zingali ndani ya plastiki zake. Wanunuzi wapo. Yeye mwenyewe alikuwa hajapata kufungua hata moja, na hilo alilisema kwa majivuno kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Alizaliwa Ujiji kwa baba Mwarabu muuza chumvi na mama Mmanyema. Alikuja Omani ana miaka kumi na tisa, na Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni tu, maana yake aliweza kusali lakini hakuweza kununua nyanya. Kazi iliyompokea ilikuwa gereji ya kambi moja ya jeshi upande wa Nizwa. Huko walimcheka rangi yake, wakamcheka matamshi yake, wakamcheka hata jina. Siku moja sajenti akamfunga kitambaa machoni na kumpitisha kwenye malori kumi na mawili, tairi moja baada ya jingine, ili kambi ipate kucheka zaidi. Akabonyeza, akataja namba. Akabonyeza, akataja. Walipomfungua kitambaa hakuna aliyekuwa akicheka. Tangu siku ile alihesabiwa mtu kati ya watu, na alielewa vizuri kabisa ni nini kilichomfanya awe mtu. Kilikuwa kidole.

Nakwambia haya mapema ili usimwone mpumbavu kwa yatakayofuata. Mimi mwenyewe nilimwona mpumbavu kwanza, kisha nikaona haya.

Mwaka juzi sukari ilimwingia. Ganzi ilianza miguuni. Daktari wa kituo cha afya alimgusagusa nyayo kwa uzi wa plastiki akimuuliza anasikia wapi, na Jamaldini akawa anabahatisha majibu. Kisha ikapanda vidoleni mwa mikono. Asubuhi moja alishika birika jikoni, akaanza kumhadithia mkewe habari za mteja fulani mbishi, akahadithia kwa kirefu, mpaka mkewe akasikia harufu ya nyama inayoungua. Mwanamboka, ndilo jina la mkewe, alimtoa birika mkononi, akampaka dawa, akamfunga kitambaa. Jamaldini alijiambia vidole vinne vimekwenda, haidhuru, dole gumba lipo. Alijiambia hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili, na kwake ikawa ndiyo kweli.

Ana binti wawili walioolewa Maskati, na kitinda mimba wake ni Aws. Aws ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi kiwandani kule Sur, na kila mwisho wa wiki hurudi Ibra kwa pikipiki. Si pikipiki ya kupelekea watu chakula majumbani. Ni zile ndefu za miguu mirefu, za lami na za porini kwa pamoja, na bei yake Mwanamboka hajaambiwa mpaka leo. Kiswahili cha Aws ni cha kuokoteza: kila kitu kwake ni "hii", mlango hii, watu hii, na mama yake amechoka kumsahihisha. Lakini shikamoo yake haikosi. Humwinamia baba yake, akambusu paji la uso, na hasimami wima mpaka aitikiwe marahaba.

Ulipofika wakati wa kubadili matairi, Aws hakwenda kwenye maduka ya Maskati yenye vioo na viyoyozi. Alimwendea baba yake akamuuliza avae matairi gani, na Jamaldini akakaa na swali lile wiki mbili, kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba. Firas, rafiki yake Aws wa kiwandani mwenye pikipiki ya aina ileile, alitaka wote wawili waweke meno makubwa mbele na nyuma, kwa sababu alikuwa ameyaona kwenye video. Jamaldini akamuuliza, kwa mwezi unakanyaga mchanga mara ngapi, na lami mara ngapi? Firas akacheka. Basi, akasema Jamaldini, hayo meno yako makubwa yatalika katikati kwa lami ya Sur kabla hujamaliza kuyapiga picha, na mvua ikinyesha hayatakushika barabarani. Nyuma weka la nusu kwa nusu, gumu katikati na lenye meno pembeni, lile linalostahimili lami wiki nzima. Mbele ndiyo uweke meno, kwa sababu tairi la mbele ndilo linaloamua unakwenda wapi, na mchangani lisipokuwa na meno litakwenda kwingine. Na tyubu iwe nene. Aws akakubali, Firas akaiga, na wote wawili mpaka leo wanakiri hawajapata matairi mazuri kama yale. Hapo mzee alikuwa fundi kamili, na mtu asijaribu kuniambia vingine.

Shida haikuwa matairi. Shida ilikuwa upepo.

Jumamosi moja ya Desemba, jua limechomoza tu, Aws na Firas walisimamisha pikipiki zao mbele ya banchari. Safari yao ilikuwa kuingia mchangani Bidiya, kuukata mchanga mpaka upande wa pwani, kisha kuifuata njia ya mawe na changarawe hadi Ashkhara, wale samaki, warudi kwa lami. Jamaldini aliipenda safari ile kuliko walivyoipenda wao, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hesabu. Mchanga unataka tairi laini, lijitandaze. Mawe yanataka tairi gumu, lisibonyee mpaka kwenye chuma. Na pikipiki ya Aws haina kile kibano cha ndani kinacholishika tairi lisihame kwenye rimu. Upepo ukipungua mno, rimu inazunguka na tairi linabaki, valvu inang'olewa, na tyubu inaisha upepo kwa mara moja. Ukiwa umetulia utasukuma pikipiki. Ukiwa mbioni kwenye mawe, gurudumu la nyuma linakukimbia.

Hilo hakulisoma popote. Kambini kulikuwa na tarishi, Hood, kijana wa Sur mcheshi sana, aliyekuwa akipeleka barua kwa pikipiki. Siku Jamaldini yuko likizo, mtu mwingine alimtolea Hood upepo kwa ajili ya mchanga, akatoa kupita kiasi. Walimleta Hood akiwa ndani ya blanketi, na mguu mmoja haukurudi naye. Jamaldini hakuwa na kosa lolote, lakini tangu hapo hajapata kumwachia mtu mwingine kazi ya upepo wa pikipiki ya mtu wake.

Kwa hiyo alisema kumi na nane. Ishirini na tano mchanga utakukataa, kumi mawe yatakukataa, kumi na nane mbele, kumi na nane nyuma, na mwendo wa adabu. Akachuchumaa. Akabonyeza, akatoa upepo kidogo, akabonyeza, akatoa tena, kichwa amekiinamisha upande. Firas, ambaye pikipiki yake aliipima mwenyewe, alitoa mfukoni geji yake ndogo yenye taa akataka kuisogeza kwenye valvu. Aws akamshika mkono.

"Irudishe mfukoni," akamwambia. "Baba keshapima."

Ungemwona mzee wakati ule. Aliendelea na kazi, lakini uso ulimnawiri. Alifunga valvu zote mbili kwa vifuniko vyake vya chuma, vya malori ya zamani ya kambini, anavyoviweka kwenye kopo la biskuti. Cha nyuma hukipaka rangi nyekundu na cha mbele hukiacha vilevile, desturi ya kambi, na akavikaza kwa koleo ndogo. Vijana wakapanda, wakaaga, wakaondoka.

Pikipiki zilipita kando ya ukuta wa shamba, zikakata kona mwishoni, na ngurumo yake ikazimika kidogo. Baada ya dakika chache ikawaka tena na kupotelea upande wa Bidiya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila wiki Aws alipoondoka, na Jamaldini alikwisha kuizoea. Vijana wana mambo mengi, wanafunga helmeti, wanavaa glavu, wanajipiga picha. Akaingia ndani kuwasha kompresa.

Saa tatu akaja mwalimu Khulood. Alikuwa mgeni, amehamishiwa Ibra kutoka Nizwa mwezi uleule, na gari lake lilikuwa jipya, la zile zenye skrini inayoonyesha hata upepo wa kila tairi. Alisema tairi la nyuma limepungua. Jamaldini akalijaza, akabonyeza, akasema thelathini na tatu, nenda kwa amani. Mwalimu akaingia garini, akawasha, akakaa kidogo. Kisha akashusha kioo, akasema kwa upole, kwa sauti ambayo mtu humwambia mkubwa wake kuwa kifungo cha kanzu kimefunguka, kwamba gari linasema ishirini na mbili.

Jamaldini akasema gari ni jipya, bado halijajua kusema kweli. Akachuchumaa tena, akabonyeza tena, na safari hii akasikiliza. Hapakuwa na kitu. Aliuona mpira ukibonyea, akaiona kucha yake ikigeuka nyeupe, lakini kutoka kule kidoleni haikuja habari yoyote. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, na hapakuja kitu. Akainuka, akaenda ukutani, akaing'oa geji moja na kuipasua plastiki yake kwa meno. Geji ikasema ishirini na mbili.

Alimjazia mwalimu mpaka geji iliposema thelathini na tatu, akakataa malipo, akamshukuru kwa heshima. Gari lilipoondoka akakaa juu ya tairi. Ikiwa kwa mwalimu dole limekosea kumi na moja, kwa Aws limekosea ngapi? Aliwaza kumi na nane ile ni saba, ni nane, labda sita. Na yeye ndiye aliyekuwa akitoa, akibonyeza na kutoa, akibonyeza na kutoa, huku akisikiliza kidole kilichokufa zamani.

Akapiga simu. Mwanamke wa mtambo akamwambia kwa Kiarabu kizuri kuwa simu anayoipigia haipatikani. Akapiga ya Firas, mwanamke yuleyule. Mchangani hakuna mtandao, alilijua hilo, na bado alipiga mara kumi na moja. Gari lake ni pikapu ya kawaida, mchanga wa Bidiya haiuwezi hata kwa mita hamsini. Angemtuma nani, na amwambie nini, kwamba mwanawe yuko mahali fulani katika mchanga wote ule na Abu Hawa mwenyewe ndiye aliyemtolea upepo? Lililobaki lilikuwa kuzunguka kwa lami mpaka Ashkhara na kuwasubiri wanakotokea, kama watatokea.

Akaenda nyumbani kuchukua ufunguo wa pili wa gari, kwa sababu wa kwanza ulimpotea dukani katika haraka yake. Mwanamboka akamtazama mara moja tu, akavaa baibui, akachukua machungwa manne jikoni, akapanda garini. Hakuuliza wanakwenda wapi mpaka walipoipita Bidiya.

Kutoka Ibra hadi Ashkhara ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na sijui kama yupo aliyewahi kuziona saa mbili zikiwa ndefu namna ile. Upande wa kulia mchanga uliwafuata njia nzima, mwekundu, umetulia. Jamaldini aliendesha kwa mguu asiousikia, akiangalia kishale cha mwendo ili ajue kama anakanyaga au hakanyagi. Kila baada ya kilomita chache alipiga simu. Hatimaye alimwambia mkewe. Alimwambia yote, habari za geji, za skrini ya mwalimu, za Hood na lile blanketi, na mwisho akasema, "dole langu limekufa, Mwanamboka."

Mwanamboka alikuwa akimenya chungwa. Akamaliza kulimenya, akaligawa, akamtia kipande mdomoni.

"Aws yuko salama," akasema.

Jamaldini akamuuliza anajuaje. Akasema anajua tu. Mzee akakasirika, hasira ya kweli, akamwambia mwanao yuko juu ya mawe na tairi tupu, nawe unamenya machungwa, wewe una moyo wa namna gani. Mwanamboka aligeukia dirishani, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maganda, lakini macho yake yalikuwa na machozi ambayo mumewe hakuyaona. Wakapita Kamil, wakapita Jaalan, na simu bado ilikuwa na yule mwanamke wa mtambo.

Ashkhara waliingia baada ya adhuhuri. Harufu ya samaki wanaoanikwa iliwapokea kabla ya mji. Jamaldini aliendesha polepole kando ya bahari akitazama kila kibanda, kila ukuta, na mwishoni, penye mashua zilizovutwa nchi kavu, akaziona pikipiki mbili zimeegeshwa kivulini. Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya ukuta na sahani ya karatasi katikati yao, wanakula nguru kwa mikono. Mmoja wao alikuwa Aws. Miguu yake miwili ilikuwa inaning'inia.

Mzee hakuitika salamu. Alipita kati yao akaenda kupiga magoti mchangani kwenye gurudumu la nyuma, geji mkononi, akaisukuma kwenye valvu. Kumi na nane. Akahamia mbele. Kumi na nane.

Alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka wavuvi wakageuka. Akainuka akamkumbatia Aws, akamkumbatia na Firas, akawaonyesha geji, akasema si niliwaambia, si nilisema kumi na nane, mbele kumi na nane na nyuma kumi na nane. Akasema gari la yule mwalimu lina kasoro, kompyuta zile zinatengenezwa hovyo, na huenda geji nayo pale dukani haikukaa sawa kwenye valvu. Akaliinua dole lake juani akalitazama kama amerudishiwa kitu alichokizika. Aws alimtazama baba yake akicheka, naye akatabasamu, tabasamu la mtu anayeombea jambo liishe haraka. Firas alikuwa ameona kitu cha maana sana baharini.

Kisha Jamaldini akainama kurudisha vifuniko. Alikuwa amevifungua mwenyewe sasa hivi kwa haraka na kuviweka kila kimoja chini ya gurudumu lake, bila kuvitazama. Cha mbele kilikuwa chekundu.

Akakishika kile chekundu akakaa nacho. Akakumbuka kwamba havikuhitaji koleo, vilifunguka kwa mkono tu. Cha nyuma, kisicho na rangi, kilikuwa palepale kwenye mchanga. Mtu alikuwa ameviondoa vyote viwili na kuvirudisha, na katika haraka yake ya kufanya jambo la siri akavibadilisha. Mzee hakuwa mjinga. Ukuta wa shamba la mitende ukamjia, na ile kona, na ngurumo inayozimika dakika chache kila wiki kisha ikawaka.

"Mara ngapi?" akauliza.

Aws alishuka ukutani. "Baba."

"Nimekuuliza mara ngapi, Aws."

"Tangu mwaka juzi," Aws akasema. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kila wiki alitaka kumwambia, na kila wiki maneno hii haikutoka. Leo ilikuwa saba mbele na nane nyuma. Walijaza kwa pampu ya mkono, yeye na Firas, kwa zamu.

Jamaldini alivirudisha vifuniko mahali pake, chekundu nyuma, akavikaza kwa vidole, ingawa hakujua kama vimekaza. Akamwomba Aws avijaribu. Aws akajaribu, akasema vimekaza. Wakala wote wanne, maana samaki alikwisha kuletwa.

Kurudi, Mwanamboka aliendesha. Walipofika karibu na Kamil mzee akamuuliza mkewe kama alijua. Alijua. Akamuuliza mbona amemwacha ateseke saa mbili zile na angeweza kumtuliza kwa neno moja. 

"Nilikuwa na njia mbili za kukuumiza," akasema Mwanamboka. "Nikachagua ya saa mbili."

Akamuuliza nani mwingine anajua. Hakutaka kusema, naye akamlazimisha, na mwisho akasema. Bwana Mahrous wa benki hutoka dukani akapita moja kwa moja kituo cha mafuta kupima upya. Imamu hupita. Madereva wa mabasi ya shule hupita wote, kwa sababu ya watoto. Kila mtu huchuchumaa, husubiri dole, hushukuru, hulipa, kisha hukata kona. Ni mwalimu Khulood tu ndiye hakujua, kwa kuwa hana hata mwezi.

"Ibra nzima," akasema Jamaldini.

"Ibra nzima wanakupenda."

Aliitazama barabara. Angekuwa amechekwa angejua la kufanya, kuchekwa alikuzoea tangu kambini. Hili hakulijua. Watu wote wale na muda wao, na mafuta yao, wanazunguka kwa ajili ya kidole chake, na yeye akawa anapokea pesa zao na kuwatania juu ya geji zao. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na mapenzi ambayo hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Kesho yake alifungua duka kwa nia moja, kwamba atatumia geji mbele ya watu na mambo yaishe. Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Mahrous. Alishuka garini, akampa mkono, akamwulizia Mwanamboka na watoto, kisha akachuchumaa kando ya tairi lake na kungoja, na uso wake ulikuwa umejaa heshima. Jamaldini alikuwa na geji mfukoni. Aliigusa kwa nje ya kanzu. Akiitoa atakuwa amemwambia Mahrous kwamba anajua, na Mahrous, mtu mzima yule, atalazimika kutafuta pa kuweka uso wake, na baada yake imamu, na madereva, mmoja mmoja, mji mzima. Akabonyeza. Akasema thelathini na mbili. Mahrous akasema Mungu akupe afya, Abu Hawa, akaondoka kuelekea kituo cha mafuta. Ikawa hivyo Jumatatu, ikawa hivyo Jumanne, na ndivyo ilivyo hadi leo. Watu wanamwonea huruma, naye anawaonea haya, na hakuna mwenye njia ya kuacha kwanza.

Jumamosi iliyofuata Aws alikuja peke yake. Jua lilikuwa limechomoza tu. Alisimamisha pikipiki mbele ya banchari, akainama, akasema shikamoo, akabusu paji la uso la baba yake, akaitikiwa. Kisha Aws, mtoto yule, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma akasema anakwenda Bidiya mchangani, kisha mawe, je, baba anaonaje.

"Kumi na nane," akasema Jamaldini.

Akavuta mpira wa kompresa, akauchomeka kwenye valvu, akaacha ijaze. Aliacha ijaze kupita kumi na nane, kupita ishirini na tano, mpaka tairi likawa gumu kiasi ambacho hata macho yaliona. Akafanya hivyo mbele pia. Alikuwa amelifikiria jambo hili wiki nzima, kama alivyofikiria yale matairi. Kuongeza upepo kwa pampu ya mkono ni kazi ya jasho, mtoto anainamia gurudumu moja, kisha la pili, mgongo unauma kabla ya safari. Kutoa ni kubonyeza tu. Kisha akachuchumaa, akaweka dole lake juu ya tairi, mara mbili, kichwa kikiwa upande.

Akafunga vifuniko, chekundu nyuma. Aws akashukuru, akapanda.

Pikipiki ilipita kando ya ukuta wa shamba la mitende, ikakata kona, ikazimika. Jamaldini aliizima kompresa ili asikie. Asubuhi ilikuwa kimya, hakuna gari, na kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti nyembamba ya upepo unaotoka, mrefu, bila kukatizwa, kisha ukakatika, ukatoka kidogo tena, ukakatika. Akasimama mlangoni na kitambaa mkononi mpaka pikipiki ilipowaka.